Baridi Ndani ya Ndege: Abiria wa Safari Ndefu Ajiandae Vipi?

Na Mwandishi Wetu, Serengeti

Mwananchi wa Kata ya Kenyamonta, wilayani Serengeti mkoani Mara, anayejiandaa kwenda India kwa matibabu au China kwa masomo na biashara huwa na mambo mengi ya kukamilisha: pasipoti, viza, tiketi, barua ya rufaa au ya chuo, na fedha za kujikimu. Jambo ambalo ni nadra kukumbukwa ni hali ya hewa atakayokaa ndani yake kwa saa sita, kumi au zaidi akiwa angani.

Kwa kijana mwenye afya njema, baridi ya ndani ya ndege ni kero inayokwisha ndege inapotua. Kwa mgonjwa wa sikoseli, mzee mwenye maradhi ya moyo au mapafu, au mtoto mchanga, ni suala la afya, na maandalizi yake hayana budi kuanzia nyumbani, si kwenye lango la kuingilia ndege. Makala haya yanafafanua baridi hiyo inatokana na nini, kwa nini abiria wawili waliokaa jirani huihisi kwa namna tofauti, na ni nani anayepaswa kumwona daktari kabla ya kununua tiketi.

Safari za masafa marefu si za watu wachache tena. Julai 2018 Serikali ilipokea ndege ya kwanza aina ya Boeing 787-8 Dreamliner inayoendeshwa na Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL). Ya pili ilipokelewa Oktoba 2019 na ya tatu Agosti 2024. Safari za Mumbai zilianza Julai 2019, kisha Guangzhou ikafuata. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni mwendo wa takribani saa sita. Guangzhou ni takribani saa 10. Wapo pia wanaopitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul kwa mashirika mengine. Kwa abiria anayetoka Kenyamonta, saa hizo hutanguliwa na mwendo wa barabara hadi Mwanza, ndege ya Mwanza hadi Dar es Salaam, na muda wa kusubiri uwanjani. Anapoketi katika ndege kubwa, mwili umekwishachoka, na mwili uliochoka huhisi baridi upesi.

Nje ni baridi kali, ndani kazi ni kupoza

Ndege ya masafa marefu huruka katika kimo cha kati ya mita 10,000 na 12,000, karibu mara mbili ya kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895. Joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na katika kimo cha mita 11,000 huwa karibu nyuzi joto 56 chini ya sifuri. Kutokana na hali hiyo, abiria wengi huamini kwamba baridi wanayoihisi ni ile ya nje iliyopenya ndani. Kwa sehemu kubwa sivyo ilivyo.

Katika ndege nyingi, hewa ya kupumua huchotwa ndani ya injini, mahali ambapo imekwishashindiliwa lakini bado haijachanganywa na mafuta. Kushindilia hewa huipasha joto, jambo analolifahamu kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kisha akaigusa pampu. Hewa hiyo inaweza kutoka kwenye injini ikiwa na zaidi ya nyuzi joto 200, na hupitishwa katika mitambo ya kupoza kabla ya kuingizwa katika chumba cha abiria. Dreamliner hutumia njia nyingine: haichoti hewa kwenye injini, bali ina kompresa za umeme zinazovuta hewa ya nje moja kwa moja. Hata hivyo, hewa hiyo nayo hupata moto kwa kushindiliwa na hulazimika kupozwa.

Chanzo kingine cha joto ni abiria wenyewe. Mtu aliyekaa ametulia hutoa joto la takribani wati 100. Dreamliner za ATCL zina viti 262. Zikijaa, joto la miili peke yake ni sawa na pasi 26 za umeme, za wati 1,000 kila moja, zilizoachwa zinawaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hapo hatujahesabu jua, majiko ya kupashia chakula na vifaa vya umeme. Kwa sababu hiyo, hewa inayoingia huwa na ubaridi kuliko joto linalokusudiwa, ili ikichanganyika na joto la watu na vifaa, chumba kibaki na wastani wa nyuzi 22 hadi 24. Takribani nusu ya hewa hiyo ni mpya kutoka nje, na nusu ni ile ya ndani iliyopitishwa katika vichujio maalumu na kurudishwa.

Utaratibu huo hueleza pia kwa nini ndege huwa na joto wakati abiria wanapanda, hasa mchana wa Dar es Salaam. Ikiwa chini, injini kubwa zimezimwa, milango i wazi, na upozaji hutegemea injini ndogo iliyo mkiani au mashine ya uwanjani. Abiria anayevua koti kwa joto hilo na kuliweka juu, kwenye sehemu ya mizigo, atalihitaji baada ya saa moja, wakati ambapo taa ya mikanda huenda bado inawaka na hawezi kusimama.

Kipimajoto hakisemi yote

Nyuzi joto 22 si baridi kali. Mkazi wa Kenyamonta huamka asubuhi nyingi kukiwa na ubaridi zaidi ya huo, akachukua jembe na kwenda shambani bila koti. Swali la kujiuliza ni kwa nini mtu huyo huyo atetemeke ndani ya ndege.

Jibu lilianza kuwekewa misingi ya kihesabu mwaka 1970, katika kitabu cha mhandisi wa Denmark, P. O. Fanger. Alionesha kwamba kuridhika kwa mtu na hali ya joto hutegemea mambo sita kwa pamoja: joto la hewa, joto la kuta na vitu vinavyomzunguka, mwendo wa hewa, unyevu uliomo hewani, mavazi, na kazi ambayo mwili unaifanya. Kipimajoto hupima jambo moja tu kati ya hayo. Mkulima anayelima hutoa joto mara kadhaa ya lile la mtu aliyeketi. Abiria hafanyi kazi yoyote. Misuli yake imetulia, miguu imekunjwa, na hewa inampulizia kichwani kutoka juu bila kukoma.

Mahali alipoketi pia pana uzito wake. Ukuta wa ndege ulio kando ya dirisha huwa na ubaridi kuliko hewa ya katikati, na mwili hupoteza joto kuelekea upande huo hata kama hakuna upepo. Viti vilivyo karibu na milango, ikiwamo milango ya dharura, mara nyingi ndivyo vyenye baridi zaidi, hususani miguuni. Wapo abiria wanaovipenda viti hivyo kwa sababu vina nafasi ya kunyoosha miguu. Ni chaguo zuri kwa mtu mrefu mwenye soksi nzito. Kwa mama mzee aliyevaa kandambili sidhani.

Usiku hali hubadilika tena. Joto la ndani ya mwili hushuka mtu anapolala na hufikia kiwango cha chini kabisa alfajiri, kati ya saa 10 na saa 11. Saa ya mwili haibadiliki kwa sababu ndege imevuka mipaka: Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, na wakati jua limekwishapanda huko, mwili wa abiria bado uko katika alfajiri ya Tanzania. Ndiyo maana abiria anaweza kuona mwanga mkali dirishani huku akihisi baridi ya usiku wa manane.

Wahudumu wa ndege wako katika hali iliyo kinyume. Wanatembea, wanainama, wanasukuma vitoroli vya chakula. Kiwango ambacho mhudumu anaona kinafaa kwa kazi yake, abiria aliyelala hukiona ni baridi. Joto huwekwa na marubani, na katika ndege nyingi wahudumu wanaweza kulipandisha au kulishusha kidogo kwa kanda, kwa kuwa chumba cha abiria hugawanywa katika sehemu kadhaa zenye udhibiti tofauti. Hakuna kiwango kitakachowafaa wote. Hesabu za Fanger zinaonesha kwamba hata joto likiwekwa katika kiwango bora kabisa, takribani asilimia 5 ya watu hawataridhika. Katika ndege ya abiria 262, hao ni watu 13.

Kuna jambo jingine ambalo abiria hulihisi bila kulitambua, nalo ni ukavu. Hewa yenye nyuzi joto 56 chini ya sifuri haina karibu unyevu wowote. Ikipashwa joto na kuingizwa ndani, hubaki kavu kama ya jangwani, kwa kawaida chini ya asilimia 20 ya unyevu inaoweza kubeba. Unyevu mwingi uliomo humo hutokana na pumzi na jasho la abiria wenyewe. Hewa kavu hukausha ngozi, midomo, macho na koo, na maji yanapokauka kwenye ngozi huchukua joto la mwili. Dreamliner ina nafuu kidogo: bodi yake imeundwa kwa sehemu kubwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hazishiki kutu, hivyo inaweza kuhimili unyevu zaidi kuliko ndege za bati la alumini. Nafuu hiyo haiondoi haja ya kunywa maji.

Hewa nyepesi na mgonjwa wa sikoseli

Hewa ya ndani ya ndege hushindiliwa, lakini si kufikia kiwango cha ufukwe wa Dar es Salaam. Kanuni za usanifu wa ndege zinazotumika kimataifa hutaka kwamba, katika safari ya kawaida, hali ya ndani isizidi ile ya mahali palipo takribani mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa msomaji wa Serengeti mfano uko karibu: huo ni usawa unaokaribiana na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Katika hali hiyo, oksijeni katika damu ya mtu mwenye afya hushuka kutoka takribani asilimia 97 hadi kati ya 90 na 93. Wengi hawasikii chochote zaidi ya uchovu na kichwa kuwa kizito.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu wazima 502 waliowekwa katika chumba maalumu chenye hali kama ya ndege kwa saa 20, ulionesha kwamba malalamiko ya kutojisikia vizuri yaliongezeka baada ya saa tatu hadi tisa katika usawa wa mita 2,100 hadi 2,400. Dreamliner iliundwa ili usawa huo usizidi takribani mita 1,800, ambao ni sawa na Nairobi. Kwa safari ya Guangzhou, tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko ukubwa wa kiti au ubora wa filamu zinazooneshwa.

Kwa mgonjwa wa sikoseli, maelezo haya yanachukua sura nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, wanaokadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi nchini. Chembe nyekundu za damu za mgonjwa hujikunja na kuwa na umbo la mundu pale oksijeni inapopungua, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Madaktari huwaonya wagonjwa dhidi ya vichocheo vitatu vinavyofahamika vizuri: baridi, upungufu wa maji mwilini, na upungufu wa oksijeni. Nyumbani, ni nadra mgonjwa kukutana na vyote vitatu kwa wakati mmoja. Katika kiti cha ndege ya masafa marefu vinamkuta vyote kwa pamoja, kwa saa nyingi, mbali na hospitali.

Hii haina maana kwamba mgonjwa wa sikoseli hawezi kusafiri kwa ndege. Wengi husafiri salama, wakiwamo wanaokwenda kutibiwa. Aidha, mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha sikoseli bila kuugua, kwa kawaida hapati tatizo katika ndege ya abiria. Kinachohitajika kwa mgonjwa ni daktari kuamua kabla ya safari. Anaweza kuanzia katika kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya iliyoko Mugumu, na inapobidi akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza. Daktari ataangalia wingi wa damu, tarehe ya shambulio la mwisho la maumivu, na kama mgonjwa atahitaji oksijeni ya ziada angani. Aliyetoka katika shambulio siku chache zilizopita anaweza kushauriwa kuahirisha safari.

Ikiwa oksijeni inahitajika, shirika la ndege lijulishwe wakati wa kununua tiketi. Mashirika huwa na fomu ya taarifa za afya inayojazwa na daktari, na madaktari wa shirika huipitia kabla ya kutoa kibali. Abiria haruhusiwi kuingia na mtungi wake wa oksijeni bila idhini. Familia inayolieleza jambo hili kwenye kaunta siku ya safari inaweza kumpoteza mgonjwa wake nafasi aliyoilipia, na sheria za usalama hazitampa mhudumu wa kaunta uwezo wa kuisaidia. Dawa zote, pamoja na cheti cha daktari, ziwekwe katika mzigo wa mkononi. Utaratibu huo wa kumwona daktari na kulijulisha shirika unawahusu pia wenye maradhi ya moyo, pumu kali, upungufu mkubwa wa damu, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Mjamzito naye aulizie masharti ya shirika mapema, kwa kuwa hutofautiana kulingana na umri wa mimba.

Mavazi, maji na miguu

Nguo mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto vizuri kuliko moja nzito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayozuia joto kutoka. Isitoshe, moja inaweza kuvuliwa. Soksi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Shuka, khanga mbili au kitenge kizito vinatosha kabisa kujifunika, ilimradi viwe mkononi. Blanketi lililofungwa ndani ya begi lililopelekwa chini ya ndege halimsaidii mtu.

Maji yanywewe kidogo kidogo safari nzima. Chupa yenye maji haipiti ukaguzi wa usalama kwa safari nyingi za kimataifa, lakini chupa tupu hupita na inaweza kujazwa ndani. Pombe huleta hisia ya joto kwa kupanua mishipa ya ngozi, na kwa njia hiyo hiyo huharakisha kupotea kwa joto la mwili.

Jambo la kujikunyata lina hatari yake. Mtu anayehisi baridi hukunja miguu na kubaki hivyo kwa saa nyingi, wakati ambapo damu ya miguuni inahitaji msukumo wa misuli ili irudi moyoni. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2007 ulibaini kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka takribani mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujongea. Hatari yenyewe bado ni ndogo, takribani mtu mmoja kati ya 6,000, na haihusu ndege pekee. Basi la Mwanza hadi Dar es Salaam nalo limo. Kusimama, kutembea ujiani, na kukunja na kukunjua vifundo vya miguu mara kwa mara husaidia damu kupita, na pia huupa mwili joto.

Kwa mtoto mchanga, kupima joto kwa kugusa vidole kunaweza kupotosha, kwa kuwa vidole vya mtoto hupoa upesi hata akiwa salama. Mguse kifuani au shingoni nyuma. Kumfunika kupita kiasi nako ni hatari, na uso wake usifunikwe.

Kuomba msaada

Abiria wetu wengi hunyamaza. Hutetemeka usiku kucha kwa kuona haya kumsumbua mhudumu, kisha hulalamika baada ya kushuka, wakati hakuna tena la kufanyika. Kitufe cha kumwita mhudumu kimewekwa kwa kazi hiyo na hakina malipo. Abiria ataje tatizo waziwazi: kiti chake ni namba ngapi, hewa inampuliza kutoka wapi, na kama ana ugonjwa unaochochewa na baridi. Mhudumu anaweza kumpa blanketi la ziada, kumhamishia kiti kingine kama kipo wazi, au kuomba joto la sehemu hiyo lipandishwe. Katika ndege zenye tundu la hewa juu ya kiti, abiria mwenyewe anaweza kulifunga kwa kulizungusha.

Endapo abiria hataridhika na alivyohudumiwa, hatua ya kwanza ni kuwasilisha malalamiko kwa maandishi kwa shirika husika. Lisipotatuliwa, anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo ndiyo mdhibiti wa sekta hiyo nchini, na kupata ushauri kutoka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Malalamiko yaambatane na nakala ya tiketi, namba ya safari, tarehe, namba ya kiti, na saa ambayo mhudumu alijulishwa.